Kuvua Samaki Nchi ya Dubu: Mwongozo Kamili wa Kambi ya Porini

Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Tanganyika, tukifika jimbo la Montana, Marekani, kinachotutuliza moyo mapema ni maji. Mto Clark Fork unapita katikati ya mji wa Missoula, na tangu familia za Wakongo zilipoanza kupokelewa hapa mwaka 2016, swali la leseni ya uvuvi inauzwa wapi halichelewi kuulizwa. Mtu aliyezoea migebuka na dagaa akiona trauti anaruka jioni, hakai nyumbani. Anaanza na mto wa mjini, anaenda wa mlimani, kisha ziwa la mwendo wa siku mbili kwa miguu, na akijaliwa anafika Alaska kufuata samoni. Huko ndiko kwa dubu.

Uoga hatuna, na wengi wetu tumeshaona kiboko na mamba kwa karibu. Tatizo letu ni mazoea. Tumezoea kuparua samaki palepale tunapolala na matumbo kuwaachia kunguru. Chakula tunakiingiza ndani kwa kuogopa wezi. Usiku tunakoka moto tukiamini mnyama hasogelei moto. Mambo haya yote huku ni kumwita dubu. Afrika kusini mwa Sahara hakuna dubu wa porini, kwa hiyo hata babu zetu hawakuwa na la kutufundisha juu yake.

Mwaka jana nilikuwa porini na mzee mmoja wa Uvira. Nilipoanza kubeba sufuria kuzipeleka mbali na hema, akanizuia: "Mwanangu, unahangaika bure. Koka moto, hakuna kitakachosogea."

"Baba, huyu si fisi," nikamwambia. "Akinusa samaki, moto haumzuii."

Alikubali kwa kuniheshimu tu, lakini asubuhi tulikuta nyayo kwenye tope, hatua chache kutoka mahali tulipopikia. Kwenye hema hakufika. Nyayo zile ndizo zilizonifanya niandike haya. Kwa sehemu kubwa, ugomvi na dubu unaanza na harufu, na harufu iko mikononi mwako.

Hatua ya kwanza: mjue mnyama

Kuna dubu wa aina mbili utakaokutana nao. Dubu mweusi yuko karibu kila msitu mkubwa wa Marekani na Kanada. Dubu wa kahawia, ambaye huku bara wanamwita grizli, yuko Alaska, magharibi mwa Kanada, na katika milima ya Montana, Wyoming na Idaho. Usiwatofautishe kwa rangi, maana dubu mweusi anaweza kuwa na rangi ya mdalasini na grizli akakaribia weusi. Tazama mabega. Grizli ana nundu ya misuli kama ya ng'ombe wetu wa kienyeji, uso uliobonyea kati ya macho na pua, na masikio mafupi ya mviringo. Kucha zake za mbele ni ndefu, hadi sentimita 10, na kwenye tope zinaacha alama mbele kabisa ya vidole. Dubu mweusi hana nundu, uso wake umenyooka, masikio yamesimama, na kucha ni fupi zilizopinda za kukwelea miti.

Zikariri alama hizi ukiwa nyumbani. Utazihitaji kwa sekunde chache tu, na sekunde hizo hazitakupa nafasi ya kufungua simu.

Dubu anakimbia hadi kilomita 56 kwa saa, anaogelea vizuri, na dubu mweusi anapanda mti kukushinda. Kwa hiyo kukimbia, kupanda mti na kujitosa mtoni viondoe kabisa kichwani. Ujue pia kwamba kuanzia mwisho wa Agosti hadi anapoingia pangoni kulala majira ya baridi, dubu anakula karibu mchana kutwa kujaza mafuta. Anaweza kumeza kalori 20,000 kwa siku. Huo ndio wakati ambao sisi nasi tunapenda kuvua.

Hatua ya pili: maandalizi ya nyumbani

Anza na karatasi. Kila jimbo lina leseni yake ya uvuvi, na hifadhi za taifa zina utaratibu wake. Ndani ya Yellowstone leseni ya jimbo haifanyi kazi, unanunua kibali cha hifadhi yenyewe. Ndani ya Glacier, hifadhi ya huku Montana, huhitaji leseni ya kuvua, ila kulala porini kunahitaji kibali. Unapochukua kibali, muulize askari wa hifadhi kama kuna njia au kambi iliyofungwa kwa sababu ya dubu. Ukiambiwa imefungwa, badilisha safari. Wanajua walichokiona huko.

Kisha nunua pilipili ya dubu, yaani kopo kubwa la kunyunyiza lenye kapsaisini, ile ile inayowasha kwenye pilipili. Si ya kujikinga na vibaka; zile ni dhaifu na zinafika karibu. Kopo la dubu liwe na gramu 225 au zaidi, liwe limesajiliwa kwa kazi hiyo na EPA, shirika la serikali la mazingira, lifike angalau mita 7 na nusu na litoe kwa sekunde 6 au zaidi. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwenye ndege halipandi kabisa, si mkononi wala kwenye mzigo, kwa hiyo anayekwenda Alaska alinunue akishafika. Usiliache ndani ya gari juani, linaweza kupasuka. Na ukienda Yosemite huko California, jua kwamba hifadhi hiyo imepiga marufuku kuibeba.

Watu wananiuliza kuhusu bunduki. Mimi nabaki na pilipili. Mwaka 2008 watafiti wa dubu Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walichapisha uchunguzi wa matukio ya Alaska kuanzia 1985 hadi 2006. Kwa dubu wa kahawia, pilipili ilikomesha tabia ya hatari kwa asilimia 92, na katika watu wote waliokuwa nayo dubu alipofika karibu, asilimia 98 walitoka bila jeraha. Kumlenga kwa risasi mnyama anayekuja kwa kasi ile, mikono ikitetemeka, ni kazi ya watu wachache sana.

Lakini kopo lililozikwa ndani ya begi halikusaidii. Livae kiunoni au kifuani, hata unapokwenda haja. Nunua pia kopo la mazoezi lisilo na pilipili ndani, utoke uani, ufanye mara 10: chomoa, ondoa kifungio cha usalama, lenga, bonyeza. Wafundishe na watoto wakubwa.

Kitu cha tatu ni kopo gumu la chakula ambalo dubu halifungui. Kamati ya mashirika ya serikali inayoshughulika na grizli, IGBC, ina orodha ya makopo yaliyopita mtihani. Yanatiwa chakula na kukabidhiwa dubu halisi kwenye kituo kilichoko mji wa West Yellowstone. Likistahimili dakika 60 za kung'atwa na kurukiwa, linapita. Hifadhi ya Denali huko Alaska inakuazima kopo la namna hiyo bila malipo.

Kuhusu chakula chenyewe, najua hili litauma: dagaa wakavu na mawese viache nyumbani. Harufu ya dagaa hata jirani wa ghorofa ya tatu anaijua, sembuse dubu. Chukua unga, maharage yaliyokaushwa, karanga, mchele. Mafuta ya nazi ya kujipaka, udi, marashi na sabuni za manukato navyo vibaki.

Mwisho, nendeni watatu au zaidi, na mmoja abebe kifaa cha setilaiti chenye kitufe cha kuomba msaada, kwa sababu mabonde mengi hayana mtandao wa simu. Mbwa abaki nyumbani. Akimbwekea dubu kisha akazidiwa, anarudi mbio kwa bwana wake na dubu yuko nyuma.

Hatua ya tatu: njiani, piga hodi

Dubu wengi wakikusikia mapema wanaondoka bila wewe kujua kama walikuwepo. Hatari ni kumstukiza, hasa jike mwenye watoto au dubu aliyelala juu ya mzoga. Kwa hiyo ongea na piga makofi. Sisi tunapiga hodi kwa sauti ya juu kila njia inapokata kona, kwenye vichaka vya matunda, na karibu na maji yanayovuma. Huko mtoni ongeza sauti mara mbili, kwa sababu mto unazimeza sauti zenu na pua ya dubu haifanyi kazi upepo ukiwa unatoka kwake kuja kwenu. Vile vikengele wanavyouza madukani havitoshi, sauti yake haifiki mbali.

Ukiona kinyesi kibichi, jiwe lililopinduliwa, au kunguru wengi wamekusanyika mahali pamoja, simama. Kunguru wengi maana yake mara nyingi ni mzoga, na mzoga una mwenyewe. Geuza njia.

Hatua ya nne: kupanga kambi

Chagua uwanja wa wazi, mbali na njia ya wanyama, mbali na vichaka vya matunda na ukingo wa mto wenye nyayo. Kisha gawa kambi sehemu tatu, kama pembetatu: pa kulala, pa kupikia, na pa kuhifadhi chakula. Kati ya hema na sehemu hizo mbili ziwepo mita 90 hivi, na upepo uwe unatoka hemani kwenda jikoni.

Kila chenye harufu kinakwenda kwenye hifadhi, kiwe kinaliwa au hakiliwi. Dawa ya meno, mafuta ya midomo, sabuni, pedi, dawa ya mbu, chambo, takataka, sufuria, hata nguo ulizopikia. Kama huna kopo gumu la chakula, tundika mzigo kwenye kamba angalau mita 3 kutoka ardhini na mita 1.2 kutoka kwenye shina. Katika misitu ya taifa inayozunguka Glacier na pori la Bob Marshall, kuhifadhi chakula kwa namna hii ni amri ya kisheria kuanzia 1 Aprili hadi 1 Desemba, na ukikutwa umekiacha wazi unatozwa faini. Kopo gumu liweke chini, mbali na mteremko na mto, lisije likasukumwa likaenda na maji.

Wengine huona haya ni makali mno. Basi wajue yaliyotokea Glacier usiku wa kuamkia 13 Agosti 1967. Hifadhi ile ilianzishwa 1910 na hakuna mtu aliyewahi kuuawa na dubu ndani yake. Usiku ule mmoja waliuawa wasichana wawili, kila mmoja wa miaka 19, mahali pawili tofauti, na grizli wawili tofauti. Kwenye nyumba ya wageni ya Granite Park, mabaki ya chakula yalikuwa yakimwagwa nje na wageni wakikaa kutazama dubu wakija kula. Kwenye ziwa Trout, vijana walikuwa wamekwenda kuvua na kulala. Dubu alifika wakiwa wanapika, akala chakula chao, wakahamia ufukweni, naye akarudi usiku. Dubu huyo alikuwa ameshawasumbua watu majira yale yote kwa sababu ya chakula. Baada ya usiku huo, hifadhi zilibadilisha namna zinavyoshughulika na taka na kambi. Kila nikifunga kopo la chakula nawakumbuka wasichana wale.

Hatua ya tano: mtoni

Hapa ndipo mwongozo wa wapanda milima wa kawaida hautoshi, kwa sababu mvuvi anajipaka harufu kwa mikono yake mwenyewe.

Kabla hujatupa ndoano, angalia ukingo. Vichwa vya samaki vilivyotafunwa, nyasi zilizolazwa, njia pana iliyokanyagwa kandokando ya maji: hapo ni mezani pa dubu, nenda sehemu nyingine. Mmoja wenu asivue. Kazi yake iwe kutazama vichaka na mto juu na chini, na mpokezane kila nusu saa. Mvuvi akishashika samaki hana macho ya kitu kingine.

Begi lako likae mgongoni au mguuni pako. Kwenye mto Russian huko Kenai, Alaska, watu walikuwa wakiacha mabegi na samaki ukingoni wanaingia majini, dubu wanakuja kujichukulia. Walipoonja mara moja, wakaanza kumfuata kila mvuvi. Dubu wa namna hiyo mwisho wake ni kupigwa risasi na maofisa, na kosa halikuwa lake.

Dubu wamejifunza pia sauti ya samaki anayepigania kwenye mshipi. Ule mtapatapo wa maji kwao ni kengele ya chakula. Ukiwa na samaki kwenye ndoano na dubu akajitokeza, kata mshipi mara moja, samaki aende. Hifadhi ya Katmai, Alaska, inataka uache kuvua kabisa dubu akifika ndani ya yadi 50, kama mita 46. Najua uchungu wa kuachia samoni wa kilo 4, lakini ukimwachia dubu achukue samaki wako, umemfundisha kwamba binadamu akisogelewa anatoa chakula. Mvuvi wa kesho ndiye atakayelipa. Vivyo hivyo usimrushie samaki ili umtulize.

Kama unarudisha samaki majini, mrudishe haraka. Kama unakula, vua wa kutosha chakula kimoja tu, umle siku hiyo hiyo. Usifunge samaki kwenye kamba ukawaacha wakielea ukingoni usiku. Pia jua sheria za mahali. Katika Yellowstone, trauti wa asili wa hapo lazima arudishwe, lakini trauti wa ziwa, mgeni aliyegunduliwa ndani ya Ziwa Yellowstone mwaka 1994, lazima auawe. Amewala trauti wa asili ambao zamani walipanda vijito kutaga na dubu wakawala huko. Trauti wa ziwa anataga kilindini, dubu hamfikii. Samaki mgeni kuingia ziwani, na mlo wa dubu umepungua.

Kuparua na kupasua kufanyike palepale ulipovulia, mbali na kambi. Toboa kibofu cha hewa ili matumbo yazame, kisha yatupe kwenye maji ya kina. Glacier inataka mahali hapo pawe futi 200, yaani mita 61, kutoka kambi au njia iliyo karibu. Huko Kenai wanawaambia wavuvi wakate mfupa na kichwa vipande vidogo vidogo kabla ya kutupa kwenye mkondo unaokwenda kasi, ili visikwame ukingoni. Matumbo usiyafukie, dubu anafukua, na usiyachome. Moto wa kambi hauunguzi samaki mpaka harufu iishe, unaisambaza tu.

Kisha nawa mikono na kisu, na ubadilishe nguo. Zile za uvuvi zifungie kwenye mfuko, zikae na chakula. Usijifutie mikono kwenye suruali utakayolala nayo. Hili dogo ndilo tunalolisahau kuliko yote.

Samaki wa kuchemsha anatoa harufu kidogo kuliko wa kukaanga au kuchoma. Mimi napika kabla jua halijashuka, tunakula tukamaliza, ugali usibaki, na maji ya kuoshea vyombo nachuja. Makombo yanaingia kwenye mfuko wa taka.

Hatua ya sita: usiku

Ndani ya hema unaingia na begi la kulalia, maji, tochi na pilipili. Basi. Hata pipi ya mtoto mfukoni itafute. Pilipili iwe mahali mkono unapafikia gizani. Na usiinyunyize kwenye hema ukidhani inafukuza kama dawa ya mbu. Ikishakauka, ile harufu yake inaweza kumvutia.

Hatua ya saba: akitokea

Akiwa mbali na hajakuona, rudi kimya kimya ulikotoka. Yellowstone wanataka yadi 100, kama mita 91, kati yako na dubu. Denali wanataka yadi 300.

Akikuona, simama. Usikimbie, maana unayekimbia unageuka windo. Kusanyikeni pamoja, watoto katikati, na umsemeshe kwa sauti ya chini iliyotulia, Kiswahili anakisikia vilevile. Akisimama kwa miguu miwili, mara nyingi anataka kunusa na kuona vizuri tu. Akigonga meno, akihema kwa nguvu, akipiga miguu chini, anakuambia umekaribia mno. Toa pilipili, ondoa kifungio, rudi nyuma polepole ukienda upande. Begi usilitupe, linakinga mgongo.

Akija mbio, mara nyingi anatisha tu, anakatiza njiani. Wewe simama. Akifika kati ya mita 18 na mita 9, nyunyiza, ukilenga chini kidogo mbele yake ili wingu lipande usoni. Akiendelea kuja, endelea kunyunyiza. Akigeuka, ondokeni hapo bila kukimbia.

Akikugusa, sasa ile tofauti ya dubu wawili inahitajika. Grizli aliyestushwa anajihami. Lala kifudifudi, begi mgongoni, vidole vimefumbatana nyuma ya shingo, miguu umeitanua asikugeuze. Nyamaza, usiinuke mpaka uwe na hakika amekwenda, kwa sababu ukijitikisa mapema anarudi. Dubu mweusi akikushambulia, usijifanye maiti. Pigana kwa jiwe, fimbo, kisu, lenga uso na pua. Na dubu yeyote, mweusi au grizli, aliyekunyemelea kwa muda au aliyekuingilia hemani usiku, huyo hajihami. Pigana naye kwa kila ulicho nacho, na wenzako nao wapigane naye.

Hatua ya nane: mkishaondoka

Toa taarifa kwa askari wa hifadhi au ofisi ya wanyamapori siku hiyo hiyo, hata kama dubu alichukua mkate tu. Eleza mahali, saa, na alichokula. Watafunga njia ile, na familia inayokuja nyuma yenu itaokoka. Baadhi yetu tunaogopa kutoa taarifa tukidhani tutaulizwa karatasi za ukimbizi. Wanachotaka kujua ni habari za dubu.

Kwenye maegesho usiache sanduku la barafu wala maganda ya chakula ndani ya gari, dubu anang'oa mlango. Nyumbani suuza sanduku siku hiyo hiyo, na mabaki ya samaki yagandishe kwenye friza hadi siku ya gari la taka. Pipa litoe asubuhi ya siku hiyo, si jioni ya kuamkia siku hiyo, kwa sababu dubu weusi wanashuka mpaka mitaa ya Missoula, na uani kuna watoto wanaocheza.